Siku yangu na transponda kumi na moja

Saa 12 asubuhi. Nateremka ngazi za mawe za Mabatini, hapa Mwanza, nimekumbatia begi kifuani. Ndani kuna pakiti kumi na moja za betri nilizozisubiri kwa wiki tatu kutoka Dar es Salaam. Nikipanda daladala asubuhi hii zitabanwa, na vijibati vyake vya kuungia nyaya vitapinda, kwa hiyo leo natembea hadi mjini.

Saa 1:30. Nafungua kibanda changu Makoroboi. Mtaa huu uliitwa hivyo kwa ajili ya vibatari vya mafuta ya taa, koroboi, ambavyo mafundi walivitengeneza hapa kwa makopo na mabati chakavu. Mimi ni fundi wa redio na simu, lakini wiki hii meza nzima nimeiachia transponda za vijana wa pikipiki za mashindano.

Kwa asiyezijua: transponda ni kifaa kinachoenea kiganjani, kinafungwa kwenye pikipiki au gari, na kazi yake ni kutangaza namba yake mfululizo. Kila kimoja kina namba yake peke yake. Kwenye mstari wa kumalizia kuna waya uliofukiwa ardhini kutoka ukingo mmoja wa njia hadi mwingine. Pikipiki ikipita juu yake, waya unanasa namba, mashine iliyo mezani kwa waamuzi inaisoma na kuandika muda hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Betri ikichoka, mawimbi yanafifia na waya hausikii kitu. Kijana amekimbia mzunguko mzima, vumbi limemjaa mdomoni, halafu karatasi inasema hakupita. Nimemwona mmoja akilia kwa jambo hilo, na ndiyo sababu niliikubali kazi hii ingawa malipo yake ni madogo.

Saa 2:15. Mzee anayewasimamia vijana anaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Mwangaluka?" anaongeza salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka bhabha. Karibu kiti."

Ametoa mfukoni betri mbili za simu. Anasema zile zangu ni ghali, na hizi ameziona zimeandikwa volti 3.7, wakati za zamani ni 3.6, tofauti si kitu. Namwelewa, kwa macho zinakaribiana kweli. Namwonyesha ile niliyoifungua jana: seli tatu za nikeli, kila moja volti 1.2, zimeungwa mkiani kwa kichwa. Chaja ya transponda hizi ilitengenezwa kwa nikeli, inasukuma umeme kidogo kidogo kwa saa 14 hadi 16. Lithiamu, kama hizi zake za simu, haivumilii hivyo. Ikifika volti 4.2 lazima chaji ikome, la sivyo inavimba na inaweza kuwaka. Na kifaa hiki kinafungwa karibu na tangi la petroli.

Mzee ananyamaza, anazirudisha mfukoni. "Basi weka zako."

Saa 3 hadi saa 6:30. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Transponda hizi hazina skrubu hata moja. Ganda limefungwa moja kwa moja na ndani limemiminiwa gundi ngumu ili maji na mtetemo visiingie. Aliyeziunda hakutarajia mtu azifungue. Betri ikifa, ununue nyingine. Mimi nakataa. Saketi ni nzima, koili, yaani waya uliozungushwa unaorusha namba, ni nzima, namba bado imo ndani. Kilichokufa ni kitu cha bei ya sahani chache za wali.

Namulika ganda kwa tochi kali hadi nione kivuli cha seli kiko upande gani. Nachora mstari kwa kalamu. Kisha diski ndogo ya kukatia, taratibu, milimita moja, napuliza vumbi, milimita nyingine. Mdogo wangu ninayemfundisha kazi anashika tochi na barakoa imemziba uso. Gundi naipasha kwa upepo wa moto hadi ilegee, halafu nainyofoa kwa kijiti cha mwanzi. Chuma kingekwaruza saketi.

Seli za kwanza zinatoka na chumvi nyeupe kwenye ncha. Vifaa hivi vilifungiwa kabatini tangu msimu uliopita, na nikeli hujimaliza yenyewe hata isipotumika. Mbaya zaidi, seli zikiwa tatu kwenye mstari, ile dhaifu huisha mapema, wenzake wakaendelea kuusukuma umeme kupitia kwake hadi chanya na hasi yake zikageuka. Katika pakiti ya nne mita inanionyesha hivyo hasa: mbili zina volti kidogo, ya tatu iko chini ya sifuri.

Ya saba nimeiharibu. Kivuli kilinidanganya, diski ikazama na kukata koili, waya mwembamba kama unywele, karibu mizunguko yote. Nimeiweka pembeni bila kusema neno. Mdogo wangu naye hakusema.

Saa 7. Ugali na dagaa kwa mama lishe wa pembeni. Nimekula haraka.

Saa 7:40. Kuchomelea. Sigusi seli yenyewe kwa chuma cha moto, joto linaua muhuri wake. Risasi naiweka kwenye vijibati vilivyokuja na pakiti. Naacha nyaya zilegee kidogo, kwa sababu waya uliokazwa hukatika pikipiki ikiruka vilima.

Saa 9:30. Nina koili niliyoizungusha mwenyewe kwenye kipande cha bomba, nimeiunga na osiloskopu ya zamani, mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Napitisha transponda juu yake. Mawimbi yanasimama kwenye kioo, yanatulia, yanasimama tena. Mdogo wangu anapiga kofi.

"Dada, inaongea!"

Nane zinaongea. Moja haiongei, ile niliyoikata. Mbili kimya, hizo nitazichunguza kesho, nadhani kuna kutu ndani.

Saa 11. Seli za zamani naziweka kwenye kopo la rangi lenye mchanga mkavu na mfuniko. Ziwa ndilo tunalokunywa, na mitaro yote ya mji huu inateremkia huko. Sitatupa hata moja.

Saa 12:20 jioni. Nimemimina gundi mpya na kuzipanga nane kwenye trei. Hadi kesho jioni zisiguswe. Nimeziunga kwenye chaja na ghafla umeme umekatika mtaa mzima. Nimehamishia chaja kwenye betri ya gari niliyonayo chini ya meza. Chaji ya nikeli sitaki ikatizwe usiku wa kwanza. Kibandani giza, taa nane za kijani zinapepesa, kila moja kwa mwendo wake.

Nampigia mzee. Namwambia nane ziko tayari, mbili bado, na moja nimeikata kwa mkono wangu, nitailipa.

Ananiuliza ni namba ngapi. Namtajia.

"Hiyo ni ya mjukuu wangu," anasema. "Usiilipe. Jaribu kuizungusha upya hiyo koili."

Nimewasha tochi. Waya ninao.