Yanli sio dada wa supu tu

Nimerudia The Untamed, ile tamthilia ya Kichina, episodi zote 50, na safari hii aliyeniliza ni mtu ambaye mara ya kwanza nilimpita tu, Jiang Yanli. Kama hujaiangalia ishia hapa, maana nataja siri zote.

Wengi wanamuona dhaifu, eti kazi yake kupika supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi. Kweli nguvu zake za kiroho ni ndogo na kupigana hapigani, sawa, ila kumbuka yale mawindo ya Phoenix Mountain, koo zote kubwa zipo, jamaa wa ukoo wa Jin anamdharau Wei Wuxian, mhusika mkuu, kwamba ni mtoto wa mtumishi na hakuna anayemtetea, ndo Yanli anasimama, kwa adabu kabisa, anasema huyu ni mdogo wangu, naomba umtake radhi. Yaani mbele ya ukoo wa mwanaume anayempenda!! Na Wei Wuxian wala hawajazaliwa tumbo moja, aliokotwa mtaani na baba yake Yanli akalelewa pale, ndo maana anamuita shijie, dada mkubwa wa mwalimu mmoja, wakati Jiang Cheng, mdogo wake wa damu, anamuita dada tu. Mimi hiyo tofauti ya neno moja huwa inaniuma.

Halafu Jiang Cheng mwenyewe. Anakamatwa na ukoo adui wa Wen, anapoteza kiini chake cha dhahabu, yaani chanzo chote cha nguvu za mpiganaji, Wei Wuxian anatoa cha kwake anapandikiziwa yeye bila kujua, anadanganywa tu kwamba kimerudishwa. Miaka inapita anamchukia kaka yake akiwa amebeba nguvu zake kifuani. Mpaka Wen Ning, rafiki wa Wei Wuxian, anampa ule upanga wa Wei Wuxian, Suibian, uliojifunga ukawa haukubali mkono wa mtu yeyote zaidi ya mwenyewe, na unachomoka. Sura yake pale, jamani.

Ila kinachonimaliza zaidi ni cha mwisho kabisa, kwamba Jiang Cheng alikamatwa siku ile kwa sababu alijitokeza makusudi ili askari wa Wen wamfuate yeye wasimuone Wei Wuxian. Kiini chake kilikwenda hivyo. Na hata baada ya kujua yote bado hakumwambia Wei Wuxian, alimwangalia tu anaondoka.