Kioski cha kuchapa fulana ndani ya moli: hesabu kwanza, mashine baadaye

Wengi wanaoniuliza kuhusu biashara ya kuchapa fulana huanza na mashine: ipi ni imara, inauzwa wapi na kwa bei gani. Kwa anayetaka kufungua karakana ya mtaani swali hilo lina mantiki. Kwa anayetaka kuweka kioski katikati ya ukumbi wa jengo la maduka, mahali ambapo watu wanapita wakisukuma vitoroli vyao kutoka supamaketi, mashine ni jambo la tatu au la nne. Nina kioski cha namna hiyo hapa Dar es Salaam, na wenzangu kadhaa niliowaona wakifungua kisha wakafunga walikuwa na mashine bora kuliko yangu.

La kwanza ni kujua unauza nini. Kariakoo wapo mafundi wa skrini, wanaochapa kwa kupitisha wino kwenye fremu yenye wavu, ambao ukiwapelekea oda ya fulana mia tano watakuchapia kwa bei ambayo mwenye kioski hawezi kuikaribia, kwa sababu fremu ya skrini ikishaandaliwa, kila fulana inayofuata inadai wino kidogo tu na mkono wa fundi. Fundi huyohuyo ukimpelekea fulana moja atakupa bei ya kukufukuza, na ana haki, maana kazi ya kuandaa fremu ni ileile iwe ni kwa fulana moja au kwa elfu. Riziki ya kioski imo katika pengo hilo: fulana moja, yenye jina la mtu mmoja, inayotoka kabla mteja hajamaliza aiskrimu yake. Kila uamuzi ninaoueleza hapa chini, kuanzia mkataba hadi aina ya uchapaji, unafuata kutoka kwenye sentensi hiyo.

Tuanze na mkataba, kwa kuwa ndio unaoua zaidi. Aliyezoea fremu za mtaani, yaani vyumba vya maduka, anajua habari za dalali, kilemba (fedha ya kumpisha mpangaji aliyepo) na kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Moli ina utaratibu wake. Kodi hupigwa kwa mita ya mraba, juu yake huwekwa gharama za huduma kwa ajili ya ulinzi, usafi na viyoyozi, na juu ya hayo yote huja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Kwa miaka mingi mikataba ya majengo haya iliandikwa kwa dola za Marekani, lakini kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinataka bei za ndani ya nchi zitajwe na kulipwa kwa shilingi. Ukipewa rasimu ya zamani yenye dola, au yenye kifungu kinachopandisha kodi kwa kufuata dola, omba iandikwe upya kabla hujaweka saini.

Chukua mfano wa kodi ya shilingi 1,500,000 kwa mwezi. VAT yake ni 270,000. Gharama za huduma na umeme tuziweke 230,000, na msaidizi mmoja umlipe 400,000. Umefika 2,400,000 kabla hujanunua fulana hata moja. Sasa tuseme unauza fulana iliyochapwa kwa 25,000, fulana yenyewe umeinunua jumla kwa 8,000, na filamu yenye mchoro wa kuhamishia kwenye kitambaa pamoja na fulana zinazoharibika vimekula 3,000. Kinachobaki ni 14,000. Gawanya, na utaona kwamba unahitaji kuuza fulana 172 kila mwezi, takriban sita kwa siku bila kupumzika, ili tu usidaiwe. Faida yako halisi inaanza na ile ya 173. Ukishindwa kuziona fulana sita kwa siku katika ukumbi huo, hata siku ya Jumanne asubuhi ambapo wanaopita ni wafanyakazi wa benki na walinzi, basi eneo hilo si lako.

Hapo kuna mambo mawili ya kodi za serikali ambayo watu huyagundua wakiwa wamechelewa. Mauzo ya namna hiyo ni kama milioni 52 kwa mwaka, wakati usajili wa lazima wa VAT unaanzia milioni 200, kwa hiyo ile VAT unayomlipa mwenye jengo huwezi kuidai popote, na ni sehemu halisi ya gharama yako. Pili, mpangaji wa biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango, aipeleke TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, mwenyewe na kumpa mwenye jengo hati ya zuio. Haikuongezei gharama iwapo unaikata, lakini ukimlipa mwenye jengo fedha yote, TRA itakudai wewe. Mambo mengine ya karatasi ni ya kawaida: jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi ambayo hutolewa bure, leseni ya halmashauri, na mashine ya risiti, ambayo ndani ya moli ni vigumu kuikwepa kwa sababu mteja anayefanya kazi ofisini ataidai risiti hata kwa fulana moja.

Kuna kifungu kimoja ambacho ningemwomba kila mtu akitafute katika mkataba wake, nacho ni kile kinachompa mwenye jengo uwezo wa kukuhamishia sehemu nyingine ndani ya jengo. Kwa duka lenye kuta, kifungu hicho hakitumiki mara kwa mara. Kwa kioski, ambacho kinasukumwa na watu wanne na kuhama kabla ya saa nne asubuhi, kinatumika. Mita thelathini kutoka kwenye ngazi za umeme hadi kona ya vyoo ni biashara mbili tofauti. Mimi niliomba iandikwe kwamba nikihamishwa, kodi itajadiliwa upya, na walikubali baada ya mvutano mdogo.

Umeme nao unahitaji swali la moja kwa moja kwa fundi wa jengo, wala usiridhike na jibu la ofisa wa masoko. Mashine ya kubana kwa joto, ambayo mafundi huiita hiti presi, ile ya kawaida yenye uso wa sentimita 38 kwa 38, huvuta wati 1,500 hivi au zaidi. Soketi ya ampea 13 inabeba chini kidogo ya wati 3,000. Mashine mbili kwenye soketi moja tayari ni ugomvi, na ukiongeza birika la chai la msaidizi wako, utazima taa za jirani anayeuza vipodozi.

Tukifika kwenye mashine, uchaguzi wenyewe unakuwa mwepesi. Sablimesheni, ambayo joto huingiza wino ndani ya nyuzi za kitambaa, inatoa picha nzuri ambayo haisikiki mkononi, lakini inashika poliesta tu na inataka kitambaa cheupe au cha rangi nyepesi sana, ilhali wateja wengi wanataka pamba, tena nyeusi. Vinili, yaani plastiki nyembamba ya rangi, inakatwa na kubandikwa kwa dakika chache, nayo inafaa majina na namba. DTF, yaani kuchapa kwenye filamu kisha kuhamishia kwenye kitambaa, inashika karibu kila kitambaa na kila rangi kwa sababu ina wino mweupe chini ya rangi nyingine. Lakini printa ya DTF usiilete moli. Wino mweupe hutuama na kuziba vichwa vya printa usipozungushwa, na unga wa gundi unaonyunyizwa kwenye filamu unapoyeyushwa hutoa moshi na harufu ambavyo uongozi wa jengo hautavivumilia. Karakana zinazochapa filamu kwa mita zimeenea mjini. Michoro ninayojua itauzwa naiagiza huko, nainunua kwa mita, naikata na kuipanga katika faili. Kioskini nimebaki na hiti presi, kikata vinili na kompyuta.

Kazi yenyewe ikifanywa mbele ya watu inauza kuliko bango lolote. Fulana inalazwa kwenye bamba na kubanwa sekunde chache ikiwa tupu, ili unyevu utoke, kwani hewa ya Dar huingia hata kwenye pamba iliyofungwa kwenye nailoni. Kisha filamu inapangwa katikati, vidole viwili chini ya mshono wa shingo kwa mtoto, vinne kwa mtu mzima. Joto ni nyuzi 160 hivi, muda sekunde kumi na mbili hadi kumi na tano. Inapotoka, filamu ya kubandua baridi inataka usubiri ipoe, na hapo ndipo watoto huanza kusogea. Unaanzia kwenye kona, unaivuta taratibu ikiwa imelala, na mchoro unabaki kwenye kitambaa. Unaifunika kwa karatasi ya kuokea na kuibana tena kidogo ili mchoro usipasuke fulana ikifuliwa. Mteja ninamwambia aifue ikiwa imegeuzwa ndani nje na asipige pasi juu ya mchoro.

Majina yana taratibu zake. Mama mmoja alikuja akitaka fulana ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, na msaidizi wangu, kijana mwenye adabu, akamwamkia, "Shikamoo mama," kisha akamwuliza jina. Alilisikia Swaleh, akaanza kuandika Saleh. "Hapana mwanangu, lina W," akasema yule mama, na akachukua kalamu. Majina ya mji huu yana njia nyingi za kuandikwa, kwa hiyo kila mteja anaandika jina kwa mkono wake kwenye karatasi ya oda, na vinili haikatwi kabla ya hapo. Picha za simu nazo zina adabu yake: ikitumwa kwa WhatsApp kama picha hupunguzwa ubora, na uso wa marehemu babu ukikuzwa kifuani unakuwa vipande. Itumwe kama faili, au mteja aje na simu yenyewe.

Kuna kazi ninazozikataa. Nembo za Simba na Yanga ni mali ya klabu hizo, na jezi ni sehemu ya mapato yao; katuni za kampuni za nje nazo zina wenyewe. Nembo ya Taifa haichapwi kwa biashara bila kibali, na mavazi yanayofanana na sare za jeshi ni kosa kwa raia. Mteja hukasirika, husema mbona fulani kachapa, nami humwonyesha michoro iliyomo kwenye faili. Wengine huondoka. Kodi ya kioski kilichofungwa ni ileile, kwa hiyo siwezi kumruhusu mkaguzi akute kitu cha kunifungia.

Oda kubwa huja hata usipozitafuta, maana mtu aliyechapiwa fulana moja Jumamosi ni ofisa rasilimali watu Jumatatu. Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi, Mei Mosi, mahafali ya mwisho wa mwaka, fulana za msiba na za kikundi cha kukopeshana: hizi sizichapi kioskini. Nachapa moja ya mfano, mteja anaikubali kwa maandishi, analipa nusu, kisha oda inakwenda kwa fundi wa skrini ambaye tumeelewana naye bei ya jumla. Nyingi huwa ni zile za kola zinazoitwa fomu siksi, na saizi kubwa nyeupe ndizo hukauka kwanza madukani. Oda ya Mei Mosi inayoletwa baada ya tarehe 20 Aprili siipokei, hata mletaji akiwa jamaa yangu.