Kila fundi aliniambia nivunje

Shemeji yangu bado anadai nilitupa hela kukarabati nyumba ya babu. Krismasi iliyopita alilala chumba cha mbele, akaamka saa tatu, akanywa chai barazani, na bado anadai.

Nyumba iko Marangu, Kilimanjaro. Babu aliijenga miaka ya 1950, kahawa ikiwa bado inalipa na kila mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, akitaka bati lake limetemete mpaka barabarani. Msingi wa mawe, kuta za mawe na udongo, mbao ambazo msumari wa siku hizi unajikunja kabla ya kuingia. Kwa mila zetu Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na mimi ndiye kitinda mimba. Kaka zangu walipata maeneo, mimi nikapata nyufa.

Mafundi walikuja wanne. Hakuna aliyefika hata sebuleni. Mmoja alitoa hukumu akiwa hajazima pikipiki: "Ya udongo hii, bosi? Vunja tu, tupige tofali." Nikauliza mbona imesimama miaka sitini na zaidi. Akasema ndiyo maana imechoka.

Sikuvunja, ila nilifanya ujinga mwingine wa gharama karibu sawa. Nilipiga plasta ya saruji ndani na nje, rangi ya krimu juu yake, nikapiga picha na kutuma kwenye kundi la familia. Pongezi zilimiminika, nami nikazijibu moja moja. Masika ilipoanza nikawa Dar, na niliporudi Mei nikakuta kuta zimevimba kama maandazi yaliyozidi hamira. Usiku ule ule nikasikia kishindo sebuleni. Nikajua ni mwizi. Nikatoka na panga na tochi ya simu, nimevaa bukta, nikipiga kelele za kuita majirani. Kumbe ni kipande cha plasta, ukubwa wa mlango, kimelala sakafuni. Nyuma yake udongo umekuwa uji. Majirani walifika kweli, wamebeba marungu, wakamkuta mwenye nyumba anautishia ukuta kwa panga.

Mmoja wao alikuwa bibi wa kihamba cha juu, rika la marehemu mama. Aligusa ule udongo akasema, "Mwanangu, nyumba inakunywa maji kutoka chini, na wewe umeiziba jasho." Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko mafundi wote wanne, na malipo yake yalikuwa kilo mbili za sukari.

Maji yalitoka wapi? Nilishuku mfongo, mfereji wetu wa pamoja wa kumwagilia mashamba. Tawi letu la mfereji linapita nyuma ya nyumba, juu kidogo, na tangu baba afariki hakuna aliyezoa tope upande wetu. Ila kushuku si kujua. Nikachukua mkaa, nikachora mstari ukutani pale unyevu ulipoishia, nikaandika tarehe. Halafu nikaenda kumwomba mwenyekiti wa mfongo atufungie tawi letu kwa wiki mbili. Kila asubuhi nachora mstari mwingine. Siku tatu za kwanza haukusogea hata kidogo, nikaanza kukata tamaa. Siku ya sita mstari ukashuka upana wa vidole viwili. Wiki mbili zikiisha, shibiri nzima. Wageni walidhani ni mtoto kachezea ukuta. Mimi nilikuwa nausimamia kama daktari na karatasi ya homa.

Basi nikalipa deni langu la msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, miaka kadhaa ya kutojitokeza, kwa mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi. Tukazoa tope lote. Nyuma ya nyumba tukachimba mtaro wenye kina kuliko sakafu, tukajaza mawe, maji yakapata njia ya kuzunguka. Ukiwa na nyumba ya namna hii usiguse ukuta kabla ya kujua maji yanatoka wapi.

Saruji yote ikabanduliwa. Mashimo tukayaziba kwa udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, kama babu alivyofanya. Juu yake chokaa. Mifuko ya dukani niliiloweka kwenye pipa zaidi ya mwezi mpaka ikawa laini kama mtindi, kisha sehemu moja kwa tatu za mchanga, tabaka jembamba jembamba, na magunia mabichi juu yake isikauke haraka. Vaa glavu. Mimi sikuvaa siku ya kwanza, na viganja vilinichubuka hata kushika kijiko cha uji ikawa kazi.

Gharama sikuandika. Chokaa, mchanga na vibarua ilikuwa milioni na kitu. Zile za saruji naomba tusizitaje. Mabati ya zamani ni mazito kuliko haya ya geji 30 tunayouziwa sasa, kwa hiyo nilibadilisha yaliyooza tu.

Shambani, mibuni ya babu ilikuwa mirefu mpaka kuchuma kunahitaji ngazi, na ugonjwa wa chulebuni unamaliza matunda yangali mabichi. Nilikata visiki, futi moja na nusu kutoka ardhini, mshazari ili maji yasitulie, mstari mmoja nakata mmoja naacha. Kaka mkubwa alipiga simu kuuliza kama nimerogwa. Penye mapengo nikaweka miche chotara kutoka TaCRI Lyamungu, taasisi ya utafiti wa kahawa, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Migomba ya mchare nilipunguza machipukizi tu, na mti wa mruka sikuugusa, kivuli chake kinatosha.

Masale, mimea tunayopanda kuweka mpaka, nayo yalikuwa yamehama hatua mbili kuja kwangu, na masale hayana miguu. Nilikwenda kwa jirani nimejaa maneno. Akatoka na jani la isale mkononi, na kwetu mtu akikuletea isale ya kuomba msamaha huna pa kukataa. Tulikunywa mbege, nikarudi na mpaka wangu.

Jiko la nje bado. Juzi alipita fundi mwingine, akalitazama akiwa juu ya pikipiki, akaniambia nivunje.