Moli wangu mweusi alivyotoka madoa meupe na vile nilivyomtibu hapa Lamu

Moli mweusi, yule samaki mdogo wa kufugwa kwenye tangi, ana faida moja, akishikwa na ugonjwa wa madoa meupe utauona mapema. Kwa samaki wa rangi nyeupe yale madoa hujificha, lakini kwa mweusi yanatokea kama chumvi iliyomwagika juu ya kaniki. Wangu alianza na mawili matatu kwenye mkia, kesho yake yamefika kichwani, na hata kabla sijaona doa nilikuwa nishamuona anajikuna, anajigonga ubavu kwenye jiwe alafu anakimbia, mapezi ameyabana mwilini na matamvua yanapiga haraka haraka. Ilikuwa msimu wa kusi, usiku baridi, stima ikapotea hadi asubuhi na hita ya kupasha maji ya tangi ikalala nayo. Baridi peke yake haileti huu ugonjwa, lazima mdudu awe ameingia na samaki mpya au majani ama maji ya tangi lingine, lakini samaki akipigwa na baridi ya ghafla anaishiwa nguvu na mdudu anapata nafasi.

Huyu mdudu watu wa samaki wanamuita iki, kifupi cha jina refu la kisayansi Ichthyophthirius multifiliis, na ukimuelewa anavyoishi umeshapata nusu ya dawa. Lile doa jeupe ni yeye mwenyewe amejichimbia ndani ya ngozi ya samaki anakula. Akishiba anadondoka, anashuka chini kwenye mchanga na mawe, anajifunga kwenye kifuko, na humo ndani anajigawa anakuwa mamia. Hao mamia wanatoka wanaogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku moja mbili wanakufa. Sasa sikilizeni hapa, manake hapa ndipo watu wengi wanapopoteza samaki: dawa haimfikii akiwa kwenye ngozi, haimfikii akiwa kwenye kifuko, inamuua akiwa anaogelea tu. Kwahivyo siku madoa yanapopotea mwenye samaki anafurahi anaacha dawa, kumbe wamedondoka wako chini kwenye mchanga wanazaana, na wakirudi wanarudi wengi kuliko mwanzo.

Mimi nilitumia joto na chumvi tu. Moli na gapi, samaki mwingine mdogo wa tangini, wanastahamili chumvi vizuri sana, moli hata kwenye maji ya mdomo wa mto yaliyochanganyika na ya bahari anaishi, lakini kama una samaki wasio na magamba kama kambale wadogo ama una majani mengi laini usikimbilie chumvi, tafuta dawa ya dukani ufuate kipimo cha kwenye chupa, na utoe mkaa kwenye filta, lile chujio la maji, kwanza kwa sababu mkaa unaifyonza dawa yote. Chumvi niliyotumia ni ile ya mawe inayotoka Gongoni, haijatiwa kitu. Kipimo changu ni gramu 2 kwa kila lita, tangi langu lina lita 80 kwahivyo gramu 160, na sikuimwaga mara moja, niliigawa mafungu, kila fungu nalikoroga kwenye jagi mpaka liyeyuke ndo namimina polepole, fungu lingine baada ya masaa. Maji yakipungua kwa joto unaongeza maji matupu, usiongeze chumvi, chumvi haipandi na mvuke inabaki humo humo. Ila ukichota lita 20 ukamwaga, hapo maji mapya unayatia gramu zake 40.

Joto nalo nilipandisha kidogo kidogo, digrii moja kwa masaa kadhaa, mpaka 30. Kwenye nyuzi 25 huyo mdudu huchukua kama wiki kumaliza mzunguko wake, kwenye 30 mzunguko unakwenda mbio, anatoka kwenye ngozi mapema na kukutana na chumvi mapema. Lakini maji ya moto yanashika hewa kidogo kuliko ya baridi, na samaki mwenye iki kwenye matamvua tayari anahema kwa shida, kwahivyo pampu ya hewa lazima ifanye kazi usiku na mchana. Mimi ninayo ile ndogo ya betri kwa ajili ya stima ikipotea, na ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kununua kwa mfugaji wa samaki wa Lamu ningechagua hiyo kabla ya taa kabla ya mapambo kabla ya chochote.

Kila baada ya siku mbili nilifyonza mchanga kwa mpira, chini kabisa, manake huko ndiko vifuko viliko. Madoa yakaisha nikaendelea vile vile wiki nzima zaidi bila kupunguza kitu. Wavu na mpira sikuutumia kwengine, nikimaliza nauanika juani mpaka ukauke kabisa, huyu mdudu hawezi ukavu.

Jirani yangu alipoona nahangaika akaniambia, "Dadangu, si umwage maji yote uoshe tangi na sabuni uanze upya?" Alisema kwa mapenzi lakini hapana. Kwenye spanji ya filta na kwenye mchanga kuna bakteria wazuri, wanachukua amonia, ile sumu inayotoka kwenye kinyesi na chakula kilichobaki, wanaigeuza nitraiti, wengine wanaigeuza tena kuwa naitreti ambayo haina sumu kali. Hiyo familia inachukua wiki nne mpaka sita kujengeka. Ukiimwaga, samaki mgonjwa unamrudisha kwenye maji ambayo yatamchoma na amonia. Ndo maana spanji yangu naikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, siioshi kamwe kwenye bomba, klorini inawaua. Na kila wiki nabadilisha robo ya maji, si zaidi, yale mapya yamelala kwenye ndoo wazi usiku na mchana kwanza.

Maji yetu hapa ni magumu, yaani yana madini mengi, visima vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na mchanga, na kwa moli na gapi huo ugumu ni neema, ndo wanaoutaka. Shida ya visima vya mjini ni kwamba viko karibu na vyoo, kwahivyo kabla hujatia ya kisima pima naitreti kwa vile vikaratasi vya kupimia maji, ikiwa juu tafuta maji kwengine. Ya mvua ni matamu lakini hayana madini, uyachanganye.

Mtu ataniuliza mbona wazee wetu hawakuwa na haya yote. Nyumba za zamani za hapa zina birika la maji chooni, na ndani ya birika walikuwa wanatia samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini wamejengea bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. La nyumba ya nyanyangu lilikuwa hivo, hakuna filta wala pampu, na samaki wazima mashallah. Lakini tazama hesabu yake: maji mengi, samaki wachache, wanakula viluwiluwi tu hakuna anayewamwagia chakula, na maji yanachotwa na kuongezwa kila siku ya Mungu. Sisi tunachukua kitangi kidogo tunajaza samaki ishirini tunawalisha mara tatu kwa siku. Mimi siku hizi nalisha mara moja, kile wanachomaliza kwa dakika mbili, na Ijumaa siwapi kitu kabisa, na maji yangu hayajawahi kuwa safi kama sasa.

Moli alipona alhamdulillahi, mkia umetanuka, anakula vizuri. Chumvi niliitoa taratibu kwa ile robo robo ya kila wiki. Baadaye akazaa, na makinda yamekua yanahitaji nafasi, kwahivyo alioko mjini na tangi lake limeshatulia wiki zake sita aje na ndoo yenye mfuniko nimpe. Ila ukifika nao nyumbani waweke kwenye beseni lao peke yao wiki tatu nne kabla hujawachanganya na wako, hata kama umewaona kwangu wazima.