Mama aliambiwa vidole vyake vimefutika

Mwishoni mwa mwaka 2019 kila mwenye simu Tanzania alikuwa na habari moja mdomoni: laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole itazimwa. Usajili ulianza tarehe 1 Mei, mwisho ukatangazwa kuwa 31 Desemba, kisha Rais Magufuli, alipokuwa akisajili laini yake kule Chato, akaongeza siku 20. Siku hizo zilinifaa sana, maana laini ya mama yangu ilikuwa bado. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, alikuwa nayo, tarakimu zote 20. Vidole ndivyo vilivyokuwa havisomi.

Mama ni mkulima, Muheza. Amelima mihogo tangu sijazaliwa, na nguo za nyumba nzima kafua kwa mkono. Wakala alimbonyezesha dole gumba la kulia, akarudia, akarudia tena, kisha akamwambia, "Bibi, vidole vyako vimefutika. Haiwezekani." Jioni mama akanipigia. "Mwanangu, waache waifunge tu." Ndiyo laini ninayomtumia hela, na ndiyo anayoongelea na wajukuu zake. Niliumia, nikapanda basi.

Kitu cha kwanza nilimkalisha mlangoni penye mwanga nikavitazama vidole kimoja kimoja. Dole gumba la kulia, lile linalobana mpini wa jembe, lilikuwa linang'aa kama sufuria lililosuguliwa kwa majivu. Ukiliinamisha pembeni unaona mistari kwa mbali, imekatwakatwa na nyufa za ukavu. Lakini kidole cha kati cha mkono wa kushoto kilikuwa na mistari yake kamili, hata ule mzunguko wa katikati unauona. Hapo nikapata matumaini. NIDA wanapomwandikisha mtu huchukua vidole vyote kumi, kwa hiyo alama ya kidole hicho walikuwa nayo, ila kwa wakala hakuna aliyehangaika nacho.

Kuna jambo kuhusu mashine hizi ambalo natamani lifike kila kijiji. Mashine hailinganishi kidole kizima kama sisi tunavyotazama picha. Inatafuta mahali mstari unapoishia, mahali unapogawanyika kuwa miwili, na jinsi sehemu hizo zilivyokaa. Zikilingana za kutosha na zile zilizohifadhiwa, inakubali. Na kwenye kusajili laini haimtafuti mtu kati ya mamilioni. Namba ya NIDA imeshamtaja ni nani, kilichobaki ni kuthibitisha. Sasa ngozi kavu haishiki vizuri kwenye kioo, mistari inatoka vipande vipande. Na ukimwambia bibi "bonyeza kwa nguvu", kama mawakala wengi wanavyosema, mistari inabanana na nafasi kati yake zinapotea. Mara nyingi anayekataliwa hajakataliwa kwamba siye. Mashine haijamwona vizuri tu.

Tena mchoro wa kidole asili yake iko kwenye tabaka la chini la ngozi, na umejichora mtu akiwa bado tumboni. Ngozi ya juu ikilika, mpya huota na mchoro uleule, mradi mkono upumzishwe. Nikamwomba mama aache jembe kwa muda, na kufua kwa sabuni ya unga amwachie dada. "Na mihogo itapaliliwa na nani?" Tukamlipa kijana wa jirani. Kila usiku mama akawa anapaka mafuta ya nazi viganjani.

Tulikwenda kwa wakala mwingine, asubuhi kabla ya foleni. Mikono tuliiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana mafuta yakibaki yanachafua kioo, tukaikausha kwa khanga. Kijana yule alikuwa muungwana. "Shikamoo mama." Nikamwomba afute kioo kwa kitambaa, kisha achague kidole cha kati, kushoto. Ikakataa. Nikaona mama ameweka ncha, nikakilaza kidole ili ule mzunguko ukae katikati ya kioo. Kabla ya kurudia nikamwambia apanguse kidole kwenye paji la uso. Unyevu kidogo wa pale unatosha kabisa. Akakiweka taratibu bila kukandamiza. Ikakubali, na ujumbe ukaingia kwenye simu yake tukiwa palepale.

Majirani wakaanza kuja. Mama aliwakagua mwenyewe mlangoni, na mmoja alifanikiwa kwa kidole cha mwisho, ambacho hakuna wakala angefikiria kukijaribu. Ila yupo mzee mmoja aliyeponda kokoto maisha yake yote. Vidole vyake vyote kumi viligoma, mafuta tukapaka, tukasubiri, bado. India, katika mfumo wao wa utambulisho wa taifa uitwao Aadhaar, mtu huchukuliwa vidole kumi, mboni za macho yote mawili na sura, hivyo mponda kokoto wa kule kidole kikigoma ana jicho. Ninataka mzee huyu naye apate njia ya namna hiyo, kwa sababu mkono wake umelika kwa kazi halali. Kwa sasa laini yake imesajiliwa kwa kidole cha mwanawe, na ukimtumia hela, jina linalotokea ni la mwanawe.