Siku Moja Nyari, Marafa: Kuwashusha Watu na Kuwapandisha

Nyari ni korongo la mchanga na nguzo za udongo huku Marafa, kaskazini mwa Malindi, pwani ya Kenya, nami huongoza wageni humo. Saa 12 asubuhi, kabla ya mgeni yeyote, hukaguliwa ukingo. Kama usiku kumenyesha, kinachotafutwa ni ufa unaokwenda sambamba na mdomo wa korongo. Ukiuona, jua bonge lililo mbele yake limeshaachana na ukuta, linangoja uzito tu. Njia husogezwa ndani hatua 10. Nyari kwa Kigiriama ni mahali palipobomoka penyewe, na bado panabomoka.

Saa 2 hadi saa 5 ni wanafunzi, picha, na ngano ya ukoo uliooga maziwa hadi Mungu akakasirika. Hayo hayachoshi.

Saa 7 mchana. Gari limetoka Malindi, limevuka daraja la Sabaki, na wageni wameahidiwa "dakika 10 za picha". Miguuni ndala. Mkononi chupa ya nusu lita, nayo imebaki robo. Pale juu upepo wa pwani huwadanganya. Ukishuka, kuta huukata upepo, tabaka nyeupe hukurudishia jua usoni, na mchanga huchoma kupitia soli.

"Kaka, washushe haraka tu, tuna ratiba," dereva husema.

"Ratiba yako iko juu. Chini nawajibika mimi."

Basi mabishano. Maji lita 1 na nusu kwa kila mtu, viatu vya kufunga, kofia. Asiyenavyo apige picha ukingoni. Kinachoangusha watu ni chembe za mchanga zilizolegea juu ya udongo mgumu: zinabingirika kama shanga. Kwa hiyo mwili upande, hatua fupi, na usishike nguzo hata ukiteleza, maana ni mchanga ulioshikana na udongo, itakumegukia mkononi. Kushuka kila mtu anaweza. Wanazimikia kwenye kupanda. Mgeni akianza kuumwa kichwa na kichefuchefu, safari imekwisha: kivulini, leso iliyoloweshwa shingoni na kwapani, maji kwa mafunda madogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, gari liende hospitali, hilo halijadiliwi. Na ndiye huyo huyo aliyesema maji ni mzigo.

Baada ya hapo saa hazihesabiki vizuri. Magoti yanauma, jerikeni la lita 20 la getini limekauka, kuna mwingine anataka kubeba jiwe jekundu nyumbani. Hapana, mama, liache.

Jioni jua likilala, chuma kilichomo mchangani, ambacho ni kutu kama ya bati, huwasha waridi, chungwa na damu ya mzee. Rangi inapokuwa tamu zaidi ndipo tunapoanza kupanda, kwa sababu giza la huku halibishi hodi. Hakuna mgeni anayependa kuambiwa hivyo. Tochi mkononi, nahesabu vichwa: walishuka 6, hapa wako 5. Yule kule nyuma ya nguzo, Mwitaliano, anatafuta picha ya mwisho. Piano, piano, yaani polepole, bwana. Panda.