Baridi ya njia ya kurudi

Ndugu zangu mnaofika huku kaskazini majira ya baridi, kila mtu atawahimiza mvae nguo nzito, na ni kweli mvae. Lakini kabla ya kutoka kwenda kutembea jioni, angalieni upepo unavuma kutoka wapi. Baridi iliyotutesa mimi na binamu yangu ilitungojea njia ya kurudi.

Tulitoka kunyoosha miguu. Simu ilionyesha digrii 10 chini ya sifuri, jua lilikuwa bado lipo, na binamu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika, alitosheka na jinzi, raba na koti jepesi juu ya fulana. Tukaenda tukipiga soga: nani kaoa, nani kajifungua, nani kahama. Upepo ulikuwa mgongoni, hatukuusikia kabisa. Tulipogeuka, jua limeshazama, upepo uleule ukatupiga usoni. Soga ikakatika. Machozi yakawa yanamtoka bila kulia, na mapaja yakafa ganzi ndani ya ile jinzi. Halafu akaniambia, "Kaka, masikio siyasikii tena."

Hapo nikaogopa.

Mwili hujizungushia hewa kidogo iliyopata joto la ngozi. Upepo huipeperusha, na ngozi inalazimika kuanza upya. Kanada na Marekani zinatumia tangu 2001 kanuni moja ya kukadiria athari hiyo: kwenye digrii 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ipoteze joto kana kwamba ni digrii 20 chini ya sifuri. Basi kwenye utabiri someni namba zote mbili. Na ile fulana ya pamba nayo ilichangia, kwani tulikuwa tumetembea haraka, akatoka jasho, pamba ikalowa na kumgandia mgongoni. Pamba ikishalowa haikupi joto tena. Sufu angalau inajitahidi.

Tulijibanza kwenye kibanda cha kituo cha basi, nikamfunga skafu yangu kichwani, akaweka vidole kwapani. Nikamwangalia masikio kwa mwanga wa simu. Mara nyingi tunaambiwa ngozi inayoanza kuganda huwa nyekundu au nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi kama zetu unaweza usiuone wekundu huo. Mara nyingi hupauka, ikawa na rangi ya kijivu kuliko sehemu zinazoizunguka, na hiyo ganzi ndiyo dalili ya kuaminiwa zaidi. Laiti tungekuwa tunaambiwa hivyo mapema! Ncha za masikio yake zilikuwa zimepauka hasa. Nikayafunika kwa viganja vyangu bila kusugua, maana kusugua kunaijeruhi ngozi iliyoganda, na theluji ndiyo usiiguse kabisa. Kama ni vidole, ukishafika ndani vitie kwenye maji ya uvuguvugu, digrii 37 hadi 39, na mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa kuwa mwenye ganzi anaweza kuungua asijue.

Kilichonipa moyo ni kwamba alikuwa anatetemeka. Mwenye baridi kali akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, maneno yakamlemea ulimini, akaanza kuyumba, huenda joto la mwili limeshuka chini ya digrii 35. Huyo mpigie simu ya dharura papo hapo, hata akisisitiza kwamba yuko salama.

Binamu alipona bila kidonda. Masikio yalimwasha tu usiku ule. Siku hizi tukitoka tunaanza kwa kuukabili upepo, wakati miili bado ina joto na nguvu, ili tunaporudi utusukume kutoka nyuma. Naye hatoki tena bila kofia inayofunika masikio na suruali ya ndani chini ya jinzi. Juzi alikuja mgeni mwingine, na kabla sijasema neno binamu alikuwa ameshamvalisha kofia.